Tatu Nane na Moja

Mugutha, Ruiru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba na Mama, huko Kitale,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na macho ya Baba hayajazidi kufifia. Mimi sijambo, ila mgongo. Kule Thika, kiwanda cha biskuti kimenitoa kwenye tanuri kikanipeleka upakiaji, kwa hiyo nasimama kutwa nzima. Huku Mugutha majumba yanaota kila mahali. Lile shamba la mahindi nyuma ya ploti yetu sasa ni ghorofa, na maji tunapata Jumanne tu.

Baba, nimepokea karatasi yako. Unataka niiandike namba yako kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi ngumu ya manila, tatu zikiwa nane na moja mwishoni, uwaonyeshe walimu wenzako wastaafu kwamba haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Nakumbuka ulivyoanza: 31 haigawanyiki, 331 haigawanyiki, 3331 vilevile, ukawa unaongeza tatu mojamoja. Hii ya mwisho imekula miaka miwili, Mama akikusomea tarakimu nawe ukigawa kichwani. Manila nimenunua.

Mama, najua ni wewe unayemsomea. Kuanzia hapa soma kimya kwanza. Mwambie nimeandika mambo ya wanawake.

Alhamisi wakati wa chakula nilimtajia Mercy, ninayepakia naye, hiyo namba, tatu nane na moja. Akaiingiza kwenye simu, 333,333,331, akaanza kuigawa kwa mchezo tu. Alipofika kumi na saba akanitazama.

"Auntie, hii imegawanyika. Hakuna kitu imebaki."

Nikamwambia arudie. Jibu likawa lilelile, 19,607,843. Baba alinifundisha jedwali la kumi na saba kabla sijajua kufunga kamba za viatu, hawezi kukosea hapo. Nikamwona akilini amesimama mbele ya wenzake, halafu mmoja wao anatoa simu mfukoni. Niliona aibu kana kwamba ni mimi.

Nilipofika nyumbani nikaitoa ile karatasi uliyomwandikia, nikazihesabu tarakimu za tatu kwa kidole. Zilikuwa saba, si nane.

Nikajua papo hapo, Mama. Uliziandika ukihesabu kama nyanya yetu, Cucu, alivyokufundisha: tano, sita, kisha unanyamaza, kisha nane, kwa sababu saba kwetu ni mkosi, haitamkwi. Mimi ningekosaje kujua? Ulipotuhesabu tukiingia ndani, ukifika kwangu ulinyamaza, ukanigusa kichwa. Nilikuwa naungoja huo mkono. Lakini tatu haina kichwa cha kugusa, na uliponyamaza kalamu nayo ikasimama.

Kwa hiyo miaka hii miwili Baba ameigawa upya namba aliyokwisha kuimaliza, 33,333,331. Makaratasi ya kwanza uliwashia jiko, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Hiyo kweli haigawanyiki. Ameithibitisha mara mbili bila kosa hata moja, kwa kichwa chake, na mimi najivunia hilo. Inayogawanyika ni ile ndefu zaidi, ambayo hajawahi kuigusa.

Mkutano wao ni Jumamosi ijayo. Ningeweza kumpigia kaka Kamau amwambie, lakini Baba angedhani macho yamemwangusha, au akili. Afadhali asikie kwako. Najua si jambo jepesi, na sikulaumu hata kidogo. Manila nimeikunja ndani ya bahasha ikiwa nyeupe, sijaandika kitu.

Nisalimieni Kamau, asizeeke na ng'ombe wake bila kuoa, na shangazi Nyambura, ambaye bado nina sweta yake.

Mama, kaa karibu na Baba, uchukue kalamu na kuziandika zile tatu upya, kwa sauti, akusikie. Ukifika pale unaponyamaza, itamke, na uandike. Mengine ataona mwenyewe akifika kumi na saba.

Ni mimi binti yenu,
Wangeci, wa saba