Chumba cha Mdogo Wangu

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. U hali gani, na ule mkono unaendeleaje? Sisi wazima, kelele tele. Nyumba uliyosema itatushinda wanawake peke yetu imeingia mwaka wa pili. Mwoka mikate akigonga masufuria alfajiri, msusi humnunia mpaka chai iive, kisha wanacheka. Jiko moja, kazi kwa zamu, na geti likigongwa tunatoka wote, hata Bibi na mkongojo wake. Kimebaki chumba kimoja, nacho ni chako. Njoo, kwa sababu naogopa kila simu ikilia.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Mkono sasa unakunjika. Nakuandikia nimejifungia bafuni. Nilicheka habari za msusi, nikajiziba mdomo. Nataka kuja, lakini mume wangu amesema nikitoka atanifuata huko huko, na sitaki kuwaletea balaa. Simu yangu anayo yeye. Barua zako zipitie kwa fundi viatu wa hapa mtaani, nyumbani usitume kabisa. Nisalimie wote. Bibi mpe shikamoo yake.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Bibi ameitikia marahaba, na anasema balaa ulilete tu, nafasi ipo. Jumamosi asubuhi fundi bomba wetu atakuja na gari, akusubiri kwa fundi viatu. Usibebe kitu, toka kama unayekwenda sokoni.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Habari za huko. Mimi mzima. Jumamosi niliumwa. Nitakuja mwenyewe. Nieleze geti linafungwaje, ufunguo analala nao nani, na kama kuna mwanamume humo ndani. Usimwambie mtu.

Mdogo wako

12 Machi

Shemeji,

Barua yako, uliyoiga mwandiko wake, tuliisoma mezani, maana kwetu barua husomwa mezani. Mdogo wangu hajawahi kuniandikia bila shikamoo, wala kumsahau Bibi. Mwoka mikate akasema anayekimbia angeuliza aje lini, huyu anauliza ufunguo. Chai ikapoa hakuna aliyeigusa.

Kosa ni letu. Zamu ya posta ilikuwa ya msusi, naye akanakili kwenye bahasha anwani ya zamani, ya nyumbani kwako. Tangu siku hiyo hali chakula.

Umeuliza kama kuna mwanamume. Hayupo. Kuna sisi wanawake watano, fundi bomba akiwemo, na tunaogopa, usidhani hatuogopi.

Barua hii tumeiandikia hapa kwako, na anayeiingiza chini ya mlango ni msusi, ameomba mwenyewe. Tuko wote hapa nje, na majirani zako wameanza kutoka. Fundi bomba ameshusha vifaa vyake. Mdogo wangu avae viatu tu, nguo zipo. Lakini kwanza mwache aongee, kwa sababu tangu tufike hatujasikia sauti yake.

Shemeji zako