Mstari wa Aziza kwenye Diski D

Jumatatu, 3 Machi 1997
Dzaleka, kambi ya wakimbizi, Malawi. Majina sita baada ya misa. Mtu anakaa kwenye benchi mbele yangu, ananitajia aliyepotezana naye njiani: jina, umri, alama ya mwili. Jumatano nitayaingiza kwenye kompyuta ya parokia, Lilongwe, kama kila wiki. Karatasi zikishaingizwa nawapa walimu wa kambi. Watoto wanaandika upande wa nyuma. Madaftari hakuna.

Jumanne, 4 Machi
Arobaini ya Mama Aziza, yule wa Kindu aliyeuza mandazi karibu na kisima. Desemba alinieleza habari za binti yake aliyepotea, kwa saa nzima. Nilichoka, nikatamani amalize. Naona aibu. Alisema, akimaanisha kompyuta: "Andika yote, ma fille, binti yangu. Mi niko mugonjwa. Siku moja ile machini njo itasema pa mahali yangu."
Tarehe kumi na tano Sista Marta anapeleka orodha kwenye kambi za Kigoma.

Jumatano, 5 Machi
Lilongwe. Kibali cha kutoka kambini ni cha siku mbili tu. Kompyuta haiwaki. Kioo cheusi na mstari mmoja: mfumo haupo.
Diski imegawanywa sehemu mbili. C, kubwa, ndiyo yenye mfumo wa kuwashia. D, ndogo, ina orodha. Nimewasha kwa disketi, nimeiona D. Nzima. Kesho nitaifuta C, niiunde upya, niifanye ya kuwashia, nirudishe mfumo. D sitaigusa. Nilisomea haya Bukavu.
Bwana Phiri, karani, anataka nimngoje fundi wake. "Pole pole, achemwali," yaani dada. Nimekataa. Kibali kinaisha kesho.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeifuta orodha.

Baadaye, ndani ya basi la Dowa, narudi kambini. Nijieleze.
Nilifuta C. Mashine ikataka kuzimwa na kuwashwa tena. Bwana Phiri akaingia kuniambia basi limekaribia kujaa. Niliporudi kwenye kioo niliona C ipo, nikadhani ndiyo mpya. Sikuwa nimeunda mpya yoyote. Sehemu ya kwanza ilipoondoka, ya pili ilichukua herufi yake. Ile C ilikuwa D. Nikaamuru isafishwe, moja kwa moja, isiache alama. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.
Kisha ukajitokeza ukubwa wake. Mdogo mno. Nilipoikatiza ilikuwa imepita nusu.
Disketi tupu ilikuwemo drooni. Sikunakili. Nilijiona najua.
Fundi alikuja, akatazama. "Ungesafisha kwa njia ya kawaida, ningejaribu. Hivi, hapana. Pepani, samahani."

Ijumaa, 7 Machi
Sijala. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda shuleni kutafuta karatasi. Za Februari zipo, nyuma zina hesabu za kugawanya. Za Desemba hakuna. Mwalimu alishangaa kuulizwa: "Zilijaa pande zote mbili, mademoiselle. Tuliwashia moto wa uji."

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nikasimama mbele, nikasema yote. Nilitaka wanitukane. Badala yake Papa Bahati, fundi cherehani, akacheka kidogo.
"We mutoto ya masomo, unalia nini? Sisi tulipoteza bantu, watu wa damu. We umepoteza karatasi. Kaa, andika."
Mwanamke nyuma yake: "Na safari hii andika na mukono! Machini haina haya."
Wakacheka wote. Wakapanga mstari upya, kila mmoja na mtu wake, wakaanza tangu mwanzo. Wengine walilia mahali palepale walipolia mara ya kwanza. Nimewafanyia hivyo mimi.
Mama Aziza hakuwemo kwenye mstari. Nilikuwa naangalia mwisho wa benchi kama mjinga.

Jumatano, 12 Machi
Nyumba kwa nyumba, upande wa watu wa Maniema, mkoa wa Kindu. Walikula mandazi yake mwaka mzima. Kuhusu mtoto wanajua jina tu. Jirani mmoja anakumbuka aliitwa Kadogo. "Mengine alikuambia wewe," akasema. Hakunilaumu. Ni kweli tu.
Nafumba macho. Namwona ameketi mbele yangu, anagusa bega lake kunionyesha kovu la mtoto. Mkono unapanda. Bega silioni. Nilikuwa nimeinamia karatasi.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua tangu asubuhi. Sista Marta amechukua orodha, kurasa kumi na nne kwa mkono wangu. Nakala ya pili iko kwa Papa Bahati, ndani ya sanduku la cherehani. Mstari mmoja nauandika na humu.
Aziza. Wa Kindu. Miaka tisa alipopotea. Anaitika Kadogo. Kovu la maji ya moto begani. Kulia au kushoto: nafasi nimeiacha wazi. Mama yake alimtafuta.