Hodi Kwanza, Rangi Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Wafyatua matofali wamekubali! Saa mbili na nusu nzima tumekaa kwenye benchi lao bovu, mimi na Kamba – mpima ardhi wetu, jina kalipata kwa ile kamba ya kupimia asiyoiacha hata akienda kula. Mwenyekiti wao akauliza maswali yale yale mara tatu. Njia itapita wapi? Upana gani? Mita mbili, nikasema, miguu na baiskeli tu. Na tanuri letu? Haliguswi. Mwisho akajipangusa udongo, akasaini. Nilitaka kumkumbatia. Nikajikaza, mtumishi wa ofisi ya mipango ana heshima zake.

Kilomita kumi na moja kando ya mto, kutoka daraja la juu hadi soko la chini, kata nne, na kila kata inasafisha na kulinda kipande chake. Mwaka jana Bosi aliziita ndoto za mchora ramani. Leo kaniomba nakala ya ramani aibandike ukutani kwake. Ukutani kwake!

Jumatano, 5 Machi

Siku ya pili na wafua nguo. Shida yao si ardhi. Mwenyekiti anasema hataki wapita njia wakague nguo za ndani za wateja wake zikiwa kambani. Hoja nzito! Kamba alikohoa mpaka akatoka nje. Tumeisogeza njia nyuma ya mianzi, nguo zibaki na siri zao. Wamesaini, vigelegele juu.

Sharti langu bado liko juu ya meza kwa herufi kubwa: HODI KWANZA, RANGI BAADAYE. Hakuna kupaka alama kwa mtu kabla hajaulizwa, akaelewa, akasaini. Alama yenyewe ni doa la bluu, ukubwa wa kiganja. Bluu kwa makusudi. Nyekundu ikionekana ukutani, watu wanaanza kufungasha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumepaka! Siku nzima, ndoo mbili, viatu vyangu kwisha habari yake. Kila mti, kila nguzo, doa baada ya doa, na kwa mara ya kwanza nimeiona njia kwa macho na si kwenye karatasi. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Tulipofika kwenye kitalu cha Shangazi, hakuwepo, kapeleka miche kwa mteja. Kamba akauliza, huyu kasaini? Nikamwambia huyu ni dada yake baba, likizo zangu zote nimelala kwake, wewe paka tu. Akapaka getini. Barua nitampelekea kesho kwenye chai.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hapokei simu. Nimepiga mara nne. Baba anasema labda haina chaji. Simu ya Shangazi haijawahi kukosa chaji.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda. Doa limesuguliwa kwa msasa mpaka mbao imebaki nyeupe.

Hakufungua geti. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, ile ya kumwitikia mgeni. Kisha akauliza, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza:

"Wafyatua matofali umekaa nao muda gani?"

"Saa mbili na nusu, Shangazi."

"Na wafua nguo?"

"Siku mbili."

"Na mimi?"

Nikaangalia pale mbao ilipobaki nyeupe.

"Mimi nimepata habari kwa mtu aliyekuja kununua miche ya mipapai. Kaona rangi, ananipa pole, ananiuliza nahamia wapi. Nikabaki namtolea macho. Nenda kazini, mwanangu."

Angenitukana ningepumua. Nimelia njiani, mtu mzima mimi. Watu nisiowajua nimewabembeleza wiki nzima, na aliyenifundisha kutembea kwenye ukingo ule ule nimempaka rangi getini kama mti.

Na hakuna pa kupinda. Kitalu chake ni mita mia moja na themanini, nyuma yake mwamba, mbele yake maji. Bila yeye tuna njia mbili na zote zinaishia ukutani. Bosi kasema baraza linakaa Jumatatu: saini zote, au faili linafungwa.

Alhamisi, 13 Machi

Simu haipoi! Matembezi ya majaribio ni Jumamosi, watu mia mbili na kumi wamejiandikisha! Wafyatua matofali wanaanzia darajani, wafua nguo wanaanzia sokoni, wakutane katikati. Akina mama wamejishonea vitambaa vya bluu vya kichwani. Niko juu, niko chini.

Katikati ni kwa Shangazi.

Bosi anasema mtume baba yako, kaka mtu akisema dada atasaini. Baba yuko tayari, tena anaona ni jambo la dakika tano. Nimekataa. Hiyo ni kumpaka rangi mara ya pili. Bosi kaniangalia kama nimerukwa na akili, na pengine ni kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne kasoro. Naandikia gotini, juu ya jiwe, nje ya geti la Shangazi. Nimekuja peke yangu. Sina Kamba, sina brashi. Nina barua na kalamu tu.

Hodi ya kwanza – kimya.

Hodi ya pili – "Nani?" Anajua ni nani! Nikasema, mtu wa ofisi ya mipango, nimekuja kuomba. Kuomba nini? Nikaanza mwanzo kabisa, darajani, kama kwa wafyatua matofali. Upana gani? Mita mbili. Magari? Hapana. Miche yangu? Haiguswi. Upana kauliza mara tatu, na mara tatu nimejibu. Kisha nikasema, na Jumamosi ile nilikukosea, Shangazi, nisamehe. Nikasikia ndara zake zikiondoka.

Nimechungulia kwenye ufa wa mbao, aibu yangu mwenyewe. Viriba vya miche, vile vifuko vyeusi, miaka yote vimepangwa mpaka kwenye ukingo wa mto. Leo havipo pale. Vimesogezwa ndani, mstari mmoja ulionyooka, kutoka mwanzo wa kitalu mpaka mwisho. Ukingoni pamebaki peupe. Nimepima kwa macho, na macho yangu kwa kazi hii hayakosei: mita mbili.

Na udongo vilipokuwa umeshakauka na kupasuka. Si kazi ya leo asubuhi. Si ya jana.

Vigelegele navisikia, vinatoka upande wa sokoni. Upande wa darajani mtu anapiga filimbi. Geti bado limefungwa.

Hodi ni tatu. Nimebakiza moja. Nasimama.