Jumapili Nne za Fundi wa Cherehani

Dada yangu mkubwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama, hayo magoti yako yatanidai mimi. U hali gani? Shemeji bado anakoroma mpaka paka anahama chumba? Msalimie kwa heshima zake zote, pamoja na hiyo ya kukoroma. Mimi mwili hauna neno. Meno yamebaki sita na yote yako kazini. Kinachochemka ni moyo, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenibeba mgongoni na kunichapa kwa zamu, nimeona nikuandikie wewe. Mwandiko uuvumilie. Darasa la nne ni lile lile, halijaongezeka.

Mchungaji wetu mpya nilishakwambia habari zake, yule kijana ambaye akiingia nyumbani kwa mtu anatafuta soketi kwanza, salamu baadaye. Sisi wazee wa kanisa tunamwita Chaji. Mwanzoni mwa mwaka alituita ofisini, ile yenye dirisha lisilofungika, akafungua kompyuta yake mapajani, akasema kanisa limefika watu mia nne na hakuna kichwa cha mzee kinachoweza kuwakumbuka wote. Aliposema kichwa cha mzee akaniangalia mimi. Mimi! Miaka ishirini na sita nimebeba daftari la kutembelea watu: nani anaumwa, nani kafiwa, nani kanuna. Mtu asipoonekana Jumapili mbili, ya tatu haijafika niko mlangoni kwake nabisha hodi. Chaji akalipokea daftari kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akalifungia kabatini pamoja na vitambaa vya madhabahu vilivyochakaa.

Badala yake akaleta mtambo. Kila muumini ana namba yake. Wimbo wa kwanza ukiisha, unaituma kwa simu, na kwenye kompyuta jina lako linakuwa la kijani. Ukikosa Jumapili mbili linakuwa jekundu, ndipo wazee wanatumwa kukutazama. Asiye na simu, atumiwe na jirani yake wa benchi. Nikamwuliza kama mtambo unaweza kumtofautisha aliyekuja kusali na aliyekuja kusinzia. Wazee wenzangu wakacheka. Chaji naye akacheka, nikazidi kumchukia.

Sasa sikia yaliyompata rafiki yako, fundi wa cherehani, yule aliyekushonea gauni la harusi likakubana usiweze kupiga magoti. Aliteleza bafuni kwake. Akajikokota hadi kitandani akidhani mguu umeteguka tu. Unamjua asivyopenda kusumbua watu. Jirani wa chumba cha pili alimpelekea uji na maji, na kila alipotaka kuita mtu, fundi alimkataza. Alimwambia watu wa kanisani watakuja wenyewe, siku hizi wana mtambo, ukikosa mara mbili tu wanajua. Basi akalala akisubiri hodi yetu. Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Aliyekuja kumwinua ni mteja aliyefuata sketi yake. Hospitali wanasema mfupa wa nyonga ulipasuka na umeanza kuunga vibaya. Atatembea kwa mkongojo. Lakini ule mguu wa kukanyagia cherehani, dada, hautakanyaga tena.

Nilipopata habari niliwaka. Kompyuta ilipofunguliwa, fundi alikuwa kijani Jumapili zote! Kwenye kikao cha wazee nilisimama, na kiti nikakiangusha makusudi, nikasema, “Mchungaji, kondoo wako alikuwa kijani huku anaoza kitandani.” Chaji aliinamisha kichwa. Nikaandika barua ya kumkataa kwa mkono wangu huu, wazee saba wakatia sahihi, na wakubwa wa kanisa wanakuja kesho kumwondoa. Mkewe ameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Niliyaona mwenyewe yamepangwa barazani, na nikapita nikipiga mluzi.

Dada, hapo nilitaka kumalizia barua. Lakini wewe ulikuwa unajua nimeiba sukari hata kabla sijafuta mdomo, kwa hiyo acha niseme.

Fundi hana simu, na jirani yake kwenye benchi ni mimi. Simu iliyokuwa inamtumia namba ni yangu. Mwezi uliopita aliniambia anakwenda kwa binti yake kwa wiki moja, nami nikaona nimepata dawa ya mtambo. Nikatuma namba yake hivyo hivyo, nicheke, nimwonyeshe Chaji siku moja kwamba chombo chake hakijui mtu na kivuli. Jumapili iliyofuata nikatuma tena, nikidhani bado yuko kwa binti yake, kumbe alisharudi na kuanguka. Na tena. Na tena. Usije ukanitetea kwamba nilisahau. Nilipoangusha kiti kile nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtambo unaandika na simu iliyotuma.

Jana mchana Chaji alikuja kwangu. Aliweka karatasi mezani, mistari minne, namba yangu ya simu kwenye kila mstari. Nilijiandaa kutukanwa, nikawa na majibu matatu tayari, moja tamu sana. Yeye akasema, “Baba, sijamwonyesha mtu, na wakubwa wakifika sitaonyesha. Kosa langu ni kuamini rangi nisiende mwenyewe.” Akaniachia karatasi, akaondoka. Yaani kijana mdogo vile anikalie kimya kwa heshima, anibebee mzigo wangu kana kwamba mimi ni kikongwe asiyeweza kubeba! Sijawahi kutukanwa namna hiyo. Hasira niliyokuwa nayo juu yake ilikuwa tamu, na hii ya sasa ni juu yangu mwenyewe, chungu kama shubiri.

Leo asubuhi nimekwenda wodini. Nimemweleza fundi yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilitegemea atalia au anifukuze. Alinisikiliza huku anakunja pindo la shuka la hospitali, vidole vyake havijui kukaa bure. Mwisho akaniuliza, “Ulipokuwa unatuma, pale nilipokaaga ulipaangalia?”

Nikamwambia hapana, niliweka kofia yangu.

Akageukia ukutani. Nami nimerudi nyumbani kukuandikia.

Kesho wakubwa wakifika nitasimama kabla ya sala ya kufungua, maana baada yake naweza kupata ujanja. Nitaisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Uzee wa kanisa watanivua, na wakinionea huruma nitagomba nao. Kama unaniombea, usiombe wanisamehe. Omba Chaji asiinuke kunitetea, maana hapo nitalia mbele ya watu, nami sina leso safi.

Wabusu wajukuu wote, yule mbishi mara mbili. Magoti yako yapake mafuta, na shemeji alale ubavu.

Ni mimi mdogo wako, yule yule wa sukari.