Hapana Niliyoisema Hospitalini

Johannesburg, 9 Juni 2018
Miaka sita tangu tuondoke Lubumbashi. Miezi kumi na moja tangu uniache.

Kaka Kabwe,

Bado nabeba saruji. Chumba chetu cha Joubert Park nimekigawa kwa pazia. Upande wako analala Mrundi mmoja, Nestor, fundi nguo. Anakoroma kama wewe.

Mbele ya kila dirisha la ofisi uliniambia, "Nyamaza, mdogo wangu. Nitasema mimi." Kwetu ndivyo ilivyo, mdogo husimama nyuma. Nilisimama nyuma yako miaka yote hiyo, nikaona raha. Ulinilea vibaya, Kaka. Leo nakuambia.

Sasa najifunza Kiingereza, Jumamosi mchana, kanisani, ghorofa ya tatu. Mwalimu ni mama Mkenya anayefanya kazi benki. Ametufungulia mji ulio ndani ya kompyuta. Kila mmoja anapewa mwili wa katuni, anautembeza, anaongea kwa maikrofoni na katuni za wenzake. Hakuna anayekuona uso. Mwalimu anasema mtu akijificha kidogo, uoga wa kuongea unapungua. Ni kweli. Mule ndani nimenunua mkate, nimegombana na dereva wa teksi. Nestor, tunayesoma naye, alicheka: "Katuni yako imesoma kuliko wewe."

Mji huo una hospitali, na nesi ni mwalimu mwenyewe. Siku ya kwanza akaniuliza lile swali: kuna dawa inayomdhuru mgonjwa? Nikajibu sentensi nzima, kwamba kaka yangu hachomwi penisilini, ilikaribia kumuua utotoni. Darasa likanipigia makofi. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kwa sababu swali lile nililielewa hata siku ile ya hospitali ya kweli, Kaka. Watu wanadhani sikuelewa. Homa ilikuwa imekupanda, huwezi tena kusema. Nesi ananitazama, foleni iko nyuma yangu. Nilijua nikisema ndiyo, ataniuliza dawa gani, nami nitababaika mbele ya watu wote. Nikasema hapana. Neno moja tu, nikapumua.

Wakakuchoma.

Mwalimu anashangaa kwa nini kila Jumamosi narudi hospitali ileile. Ananiambia nihamie somo lingine.

Na Mama nilimwambia kwa simu kwamba homa ilikushinda. Akauliza kama madaktari walikuwa wazuri, nikasema ndiyo, wazuri. Kwa Kiswahili, Kaka, lugha aliyonifundisha yeye. Basi usinifariji kwamba ni Kiingereza kilichonifunga mdomo.

Saiti ya ujenzi inafungwa katikati ya Desemba. Nitapanda basi la Lubumbashi, koti lako begani. Nitakaa mbele ya Mama, aniangalie usoni, na safari hii nitasema mimi.

Lala salama, Kaka. Kabla ya Krismasi nitakuwa nyumbani.

Mdogo wako,
Ilunga