Mwenye Kufunika

Kalamba,
18 Novemba 1984

Kwa Mzee wangu Hemedi,

Shikamoo, Baba. Ni miaka kumi na moja tangu nimuoe binti yako, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuita hivyo. Kama neno hilo linakuudhi, livumilie mpaka mwisho wa barua. Natumaini magoti yako yamepata nafuu. Shufaa alikuwa akisema baridi ya Julai huingia humo na hukawia kutoka. Mjukuu wako Hasina ni mzima, yuko darasa la pili, na anacheka kama mama yake. Mimi nakula, nalala, naamka. Afya yangu ni hiyo.

Mvua imenyesha, baada ya sisi kula mahindi ya njano ya serikali karibu mwaka mzima. Kalamba yote ni kijani na majirani wanamshukuru Mungu kanisani kwa sauti. Mimi nashindwa kulitazama shamba langu la kunde. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Nianze na neno ulilonipa. Siku nilipokuja Kitui na wazee wangu kumposa Shufaa, ulisema huwezi kumpa kafiri mtoto uliyemfundisha mwenyewe katika chuo chako cha Kurani. Tulipooana bila wewe, uliapa kuwa hutavuka mlango wangu maisha yako yote. Nilitembea na neno lile kama kijiwe ndani ya kiatu.

Msimu wetu wa kwanza tulikuwa tukipanda kwenye vumbi kabla ya mvua, kama ilivyo desturi yetu huku. Shufaa alidondosha mbegu, nami nikafuata nyuma nikizifukia kwa mguu. Ghafla akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia baba yake amenitukana na kunitajia kazi yangu kwa pumzi moja. Alisema ni wewe uliyemfundisha kwamba shina la neno lile, kwa Waarabu wa kale, ni kufunika. Mkulima waliweza kumwita hivyo kwa kuwa hufunika mbegu. Usiku nao, kwa kuwa hufunika kila kitu. Asiye na shukrani hufunika wema aliotendewa, na asiyeamini hufunika ukweli. Hata kafara imetoka hapohapo, maana hufunika kosa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hayo niliyashika. Tangu siku ile, kila msimu alinihimiza akisema haya, kafiri wangu, funika upesi, kwale wanatuangalia. Ndivyo alivyokitoa kile kijiwe.

Hakuacha kukungoja. Alinunua birika la shaba kwa Abdulkadir, Mwislamu mwenzenu mwenye duka Tawa, akaliweka kwa ajili ya udhu wako siku utakapokuja. Mara moja nilitaka kulichemshia chai, akaninyang'anya na kuniambia nikachemshie kwenye kofia yangu.

Machi mwaka huu ilifika barua yako. Nilikabidhiwa mimi, Shufaa akiwa mtoni anafukua maji mchangani. Niliona herufi zenu za Kiarabu, nikajua mkono ni wako, na sikuweza kusoma hata moja. Ndani ya nyumba hatukuwa na kitu. Nikajiambia unamwita arudi Kitui, na kwamba mtu mwenye njaa hawezi kukataa. Nikaisokota barua nikaitia ndani ya kibuyu cha mbegu za kunde, nikakiziba, nikakipandisha ghalani. Niliazimia kumpa siku mvua itakaponyesha, ili akichagua, achague akiwa ameshiba.

Mvua haikunyesha. Julai homa ikamshika. Hospitalini, siku mbili kabla hajafa, aliniuliza kama hakuna neno lolote kutoka Kitui. Nikamwambia hakuna. Akasema nisikulaumu, wewe ni mtu wa kiapo. Kisha akaomba nimgeuze upande wa dirisha.

Alipofariki, Abdulkadir na mkewe walikuja, mkewe akamwosha, akazikwa jioni ileile kwa desturi yenu, bila jeneza. Watu wa kanisa langu walinong'ona kuwa nimemzika kama mtu asiye na jamaa. Nilitia konzi tatu za udongo kama nilivyoambiwa, halafu nikashindwa kuacha. Niliendelea kufukia kwa mikono mpaka Abdulkadir aliponishika bega.

Alipokuletea habari za msiba, ulimjibu kuwa Mungu amrehemu, ila ulikwisha kumwita naye akanyamaza. Abdulkadir hakuelewa. Mimi nilianza kuogopa, na bado nikaacha kibuyu pale juu.

Oktoba nilikishusha ili nipande. Barua ikatoka pamoja na mbegu, nikaipeleka Tawa. Abdulkadir aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Ndipo niliposikia kuwa ulifunga siku tatu, kafara ya kiapo chako, kwa kuwa mwaka huu hukuwa na chakula cha kulisha maskini kumi. Kwamba ulitaka akuandikie neno moja tu, njoo, nawe ungevuka mlango wangu. Na kwamba ukikosa jibu, utajua ni yeye asiyekutaka, wala hutamsumbua tena.

Baba, Shufaa hakukunyamazia. Hakujua. Angalijua, angalikuja Kitui kwa miguu. Ni mimi niliyefunika. Siku ile uliponiita lile neno ulinionea, nilikuwa mkulima tu. Sasa limenienea. Abdulkadir ameniambia niandike, kwamba hata kosa kama hili lina toba. Labda. Lakini niliyemdanganya amelala chini ya udongo niliomtilia mimi mwenyewe, na sijui nimwendee nani.

Zile kunde nilizipanda peke yangu, nikidondosha na kufukia. Zimeota zote, Baba. Hakuna hata moja iliyooza.

Barua yako nairudisha ndani ya hii. Wadudu hawakuigusa. Hasina anakusalimu, jana aliuliza birika lile ni la nani, nikamwambia ni la babu yake. Liko mahali pake na halijatiwa maji. Usikubali nikuombe lolote zaidi ya hili: ukimkumbuka katika sala, usimkumbuke kama binti aliyekukataa.

Ni mimi, mkweo,
Muthama