Maandishi ya penseli kwenye riwaya ya mtawa

Edina mbona hupokei simu? Basi soma.

Ile riwaya ya mtawa tunayosoma kikundini, ile ya polepole, ukurasa mmoja halafu tunakaa kimya dakika tano. Nakala ilikuwa moja tu, yangu. Juzi Ambokile, mwenzetu wa kikundini, akaipeleka steshenari akatutolea kopi wote tisa.

Edina, na maandishi yangu ya penseli yametokea kwenye kopi! Yote!

Leo zamu ya kusoma ilikuwa ya Mama Emiliana. Si unamjua, anasoma kila kilichoko kwenye karatasi. Akafika pale pembeni, akasoma kwa sauti ileile ya taratibu: "Sijasali tangu tumzike Joshua wetu. Nafumba macho tu ili Sostenes asiulize."

Ametaja jina la mume wangu! Mzee wa kanisa mzima, na amekaa ubavuni pangu!

Halafu kikafuata kile kimya. Dakika tano, Edina. Dakika tano!

Tukarudi nyumbani Ihumwa.

Nimepakua ugali na mlenda, nikafumba macho nikisubiri aombee chakula kama kawaida yake. Kimya. Kufumbua, namkuta anakula.

Nikamwambia, "Baba Joshua, hujasali."

Hata uso hakuinua. Akasema, "Na mimi nilikuwa natamka maneno tu, ili wewe usiulize."

Miaka mitatu tangu tumzike mwanetu, Edina. Humu ndani nani alikuwa anasali?